Magofu ya Engaruka na Mtaro wa Kinama

 

 

Maneno haya niliyasema kwanza kwenye darsa yetu ya baada ya Alasiri, na baadhi ya ndugu wakaniomba niyaandike. Nilisitasita, maana ndani yake limo kosa langu. Tumefundishwa tusiyatangaze madhambi ambayo Mwenyezi Mungu ametusitiri. Lakini hili sikulifanya sirini. Nililifanya mbele ya darasa zima, na wapo wanaosoma gazeti hili walioniona na kunisikia.

Mimi ni mtoto wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 nilikuwa na miaka 11. Wenzangu wa Kinama, Kamenge, Cibitoke na Buterere wanaukumbuka usiku ule. Mvua ilinyesha kwa saa nyingi, maji yakashuka kutoka milimani yakiwa na matope na mawe, yakaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Watu zaidi ya 60 walifariki na mamia ya nyumba yakaanguka. Nyumba nyingi za kwetu ni za matofali ya udongo, rukarakara, na rukarakara ikisimama ndani ya maji haichukui muda kurudi kuwa tope.

Nyumba yetu ilipona kwa kuwa iko juu kidogo. Chini yetu, pale mtaro unapopinda, alikaa mama mmoja na watoto wake wanne. Walitoka na godoro na sufuria mbili. Asubuhi nyumba yao ilikuwa msingi wa mawe tu, na juu ya msingi ule tope lenye taka za mtaa mzima.

Mama yule hakuwa Muislamu, na alikuwa akiuza pombe ya ndizi. Siku chache baadaye nilimsikia mtu mzima barazani akisema kwamba Mungu ameusafisha mtaa. Alilisema kwa mkato, akaendelea na mazungumzo mengine. Mimi nililichukua nikaenda nalo shuleni. Mtoto wa mama yule tulisoma darasa moja. Nikamwambia, wenzetu wakisikia, kwamba Mungu amewaadhibu kwa pombe yao. Hakunijibu. Baada ya wiki mbili dawati lake lilikuwa tupu, walikuwa wamehama. Na mimi nilijiona nimeitetea dini.

Ndugu zangu, lishikeni hilo, kwa sababu nitawapeleka mbali kidogo kabla ya kurudi Kinama.

Miaka miwili iliyopita, katika likizo kubwa, nilikwenda kumtembelea mjomba wangu Arusha, Tanzania. Yeye ana shughuli zake Mto wa Mbu, na siku moja akaniambia, "Wewe si unapenda historia? Twende nikuonyeshe Engaruka." Tukaelekea kaskazini kwa barabara ya vumbi inayofuata chini ya ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, kama kilomita 60. Nchi ile ni kavu. Unaona miiba, vumbi na ng'ombe wa Wamasai, na mbele kabisa mlima wa Oldoinyo Lengai. Hakuna kinachokuambia kwamba hapa palikuwa na mashamba.

Kisha unaanza kuyaona mawe. Kwanza nilidhani ni mawe yaliyozagaa tu. Kumbe yamepangwa. Ni kuta fupi zilizojengwa bila udongo wala chokaa, jiwe juu ya jiwe, zikigawa ardhi viwanja vidogo vidogo kwa mamia na mamia. Kati ya viwanja imepita mifereji iliyojengewa mawe, iliyoyatoa maji kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kuyafikisha shamba kwa shamba. Eneo lote ni kiasi cha hekta 2,000. Juu, kwenye mteremko, kuna vijiji saba. Havina nyumba tena, ila sehemu zilizosawazishwa na kuzungushiwa mawe, ambapo nyumba zilisimama.

Watu hawa walilima pale tangu karibu karne ya 15 hadi karne ya 18. Kwa kulinganisha, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kwa hiyo mashamba ya Engaruka yalishamiri baada ya safari yake hiyo. Wageni kutoka Ulaya waliyaona magofu haya mwishoni mwa karne ya 19. Louis Leakey aliyachunguza mwaka 1935, Hamo Sassoon akachimba miaka ya 1960, kisha wakafuata wengine akina John Sutton na Daryl Stump. Wamekuta mabaki ya mtama na mifupa ya ng'ombe. Wameona pia kwamba baadhi ya mashamba yale yalitengenezwa na maji yenyewe: mkulima alijenga ukuta wa mawe, maji ya mvua yakaja na udongo, udongo ukanasa nyuma ya ukuta, mwaka hadi mwaka, mpaka likawa shamba. Udongo ambao sisi kwetu unapita na nyumba za watu, wao waliukinga wakapanda mtama juu yake.

Hawakuacha maandishi. Jina walilojiita wenyewe halikutufikia.

Tulikuwa na kijana wa pale aliyetuongoza. Nikamuuliza, "Walifanya nini hata wakaangamizwa?" Naye akaniangalia kama mtu asiyelielewa swali. Akasema, "Nani kakwambia waliangamizwa? Hawa walikuwa wakulima. Maji yalipungua, wakaondoka." Kisha akaongeza kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wengine wanataja vijito vilivyokauka, wengine udongo uliochoka, wengine mabadiliko ya watu na mifugo katika eneo lile.

Mjomba alicheka kidogo akaendelea kutembea. Mimi nilibaki nimesimama kwenye ukingo wa mfereji mkavu. Nilikuwa nimeuliza lile lile nililomwambia mwenzangu darasani miaka ile. Nimeona nyumba bila mwenyewe, na ulimi wangu tayari umekwishatoa hukumu.

Sasa tuiulize dini yetu. Ni kweli kwamba Qur'ani inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame miisho ya waliotutangulia. Katika Surat Al-Hajj, aya ya 45, Mwenyezi Mungu anataja miji iliyodhulumu ikaangamizwa, na anataja kisima kilichoachwa na kasri lililosimama bila watu. Lakini tusome na aya inayofuata, ya 46. Pale tunafundishwa kwamba anayetembea katika ardhi anatakiwa apate moyo wa kufahamu na sikio la kusikia, kwa sababu upofu wenye hatari zaidi ni ule wa nyoyo zilizomo vifuani. Aya imeanza na magofu ikaishia kwenye kifua cha msafiri.

Tutazame pia alivyofanya Mtume wetu (s.a.w.). Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, alipita na jeshi lake Al-Hijr, kwenye makazi ya Thamud yaliyochongwa majabalini. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba aliwakataza Swahaba wasiingie mahali pale isipokuwa wakiwa wanalia, kwa kuchelea yasije yakawapata yaliyowapata wale. Zingatieni hapo. Thamud ni watu ambao Wahyi umekwishatuambia kosa lao. Hata hivyo Mtume hakuwasimamisha Swahaba wanyooshe vidole. Aliwataka wajihofie nafsi zao.

Ikiwa hayo ndiyo mafunzo kuhusu watu ambao hukumu yao imeteremka, itakuwaje kuhusu wale ambao hatukuteremshiwa lolote juu yao? Surat Al-Isra, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilolijua, na inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Nani aliniteremshia mimi habari ya Engaruka? Nani aliniteremshia, nikiwa na miaka 11, habari ya nyumba ya jirani yangu?

Kuna jambo lingine ambalo lau ningelijua siku ile lingenifunga mdomo. Katika hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) amewataja watu wanaopata daraja ya shahidi, na miongoni mwao ni aliyekufa kwa kuzama na aliyeangukiwa na jengo. Hayo mawili ndiyo yaliyotokea kwetu usiku ule. Muumini akifa ndani ya mafuriko anatarajiwa ushahidi. Basi vipi maji yale yale, usiku ule ule, tuyafanye kuwa dalili ya ghadhabu kwa mlango wa pili? Pombe ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini kutoka kwenye uharamu wa pombe hadi kudai kwamba mafuriko haya yametumwa kwa ajili ya nyumba hii, kuna pengo ambalo mja hana ruhusa ya kulivuka.

Pengine mtu ataniuliza, "Je, tusizingatie basi? Magofu hayana funzo?" Yanalo, ndugu yangu, tena kubwa. Lakini swali la "hawa walikosa nini?" tulilibadilishe liwe "mimi ninadaiwa nini?"

Rudini nami kwenye ule mfereji. Mfereji wa mawe hauishi peke yake. Kila mvua inaleta mchanga, majani na mawe. Usiposafishwa msimu mmoja unajaa, na maji hayamfikii wa chini. Mashamba ya Engaruka yalidumu miaka 200, 300. Maana yake, kwa vizazi vingi, kuna watu waliokuwa wakiinama kuzoa mchanga kwenye mfereji, na kuna aliyekuwa juu aliyekubali kuyaachia maji yaende kwa mwenzake wa chini. Hilo liliandikwa pale kwa mawe, na ndilo nililolisoma.

Na dini yetu inalijua vizuri jambo hili la wa juu na wa chini. Zubayr bin Al-Awwam (r.a.) aligombana na mtu wa Ansari juu ya mfereji wa Harra, Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anyweshe kisha ayaachie maji yamfikie jirani yake. Kesi ya maji ya shambani ililetwa mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, naye hakuiona ndogo. Pia mnaikumbuka hadithi ya An-Nu'man bin Bashir ya watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wanazama wote. Wakizuiwa, wanaokoka wote. Abiria wa jahazi lile hawakupewa nafasi ya kusema, "Hao wa chini ni shauri yao."

Kuhusu shukrani, someni Surat Saba. Kabla ya kisa cha watu wa Saba na bustani zao mbili na mafuriko ya bwawa lao, katika aya ya 13, jamaa wa Daud wanaamrishwa wafanye kazi kwa kushukuru. Shukrani imekuja kwa sura ya kazi. Kisha, aya chache tu mbele, tunaonyeshwa watu walioneemeshwa kwa maji wakapuuza, na neema ikaondoka. Bwawa la Ma'rib lilikuwa likikarabatiwa mara kwa mara. Kuna jiwe lenye maandishi ya Abraha, ya karibu mwaka 548, linalosimulia ukarabati wake. Neema ya maji huwa inamtaka mtu mwenye jembe. Alhamdulillah ya ulimi ni ibada, lakini haizibui mfereji.

Sasa turudi Kinama.

Nilipotoka Arusha nilimuuliza mama yangu kuhusu ule mtaro. Akaniambia jambo nililokuwa nimelisahau, au nililotaka kulisahau. Wakati ule, kazi yangu ya kila jioni nyumbani ilikuwa kumwaga kapu la taka. Nilikuwa nikilimwaga wapi? Mtaroni. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Na taka zote zilikwenda kukwama pale mtaro unapopinda, kwenye ukuta wa yule mama.

Sisemi kwamba kapu langu ndilo lililoiangusha nyumba yake. Mvua ya usiku ule ilikuwa kubwa, na ingepita hata mtaro ungekuwa safi. Lakini nilimhukumu kwa maji ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiyazibia njia kila siku Magharibi ikiingia. Mimi ndiye niliyekuwa juu, yeye ndiye aliyekuwa chini.

Toba ya dhambi kati ya mja na Mola wake ina masharti yake. Dhambi ya kumdhulumu mtu ina sharti la ziada: umwendee mwenyewe. Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi ya Bukhari, kwamba aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au katika jambo lolote ajitakase leo, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu. Na haki ya jirani haimuulizi jirani dini yake kwanza.

Nikamtafuta yule mwenzangu. Nilimpata kwa kuuliza uliza sokoni. Alinikumbuka kabla sijajitambulisha, na hilo peke yake lilinitosha. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Tulikuwa watoto." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini nilimwambia mama."

Kwa hiyo nikaenda kwa mama. Anaishi nje ya mji sasa, kwa dada yake, analima. Alinikaribisha akaniwekea kiti kivulini. Nilipomaliza kusema niliyokwenda kusema, alinishika mkono, akaniuliza swali moja, "Pale kwangu, kuna mtu amejenga?" Nikamwambia, ndiyo, kuna familia imejenga juu ya ule ule msingi. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, waambieni wasilale mvua ikianza usiku. Na huo mtaro, je, mmeuzibua?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda Engaruka kuuona mfereji wa watu wa miaka 500 iliyopita, na wa kwetu sikuwa nimeutazama.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunatoka asubuhi Kinama, Buterere au Buyenzi, tunapanda kwenda Mutanga, tunarudi jioni, na tunaruka mtaro huo huo mara mbili kwa siku tukiwa na vitabu mkononi. Wapo kati yetu wanaosoma uhandisi, jiografia, kilimo, sheria, afya. Elimu hii ni amana. Hadithi ya matawi ya imani mnaijua: la juu kabisa ni shahada, la chini kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Tumelishika la juu kwa ndimi zetu. La chini tumewaachia nani?

Ninaomba mambo matatu, nami ninaanza na nafsi yangu.

Kwanza, kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi tusizikimbie kwa kisingizio cha mitihani. Tuzichague sehemu ambazo mtaro unapinda na unaziba, tuende na majembe na magunia kabla mvua za Septemba hazijaanza.

Pili, kila mmoja aangalie nyumbani kwake taka zinakwenda wapi. Maganda ya ndizi na majani yachimbiwe shimo yawe mbolea. Chupa na mifuko isirudi mtaroni. Kama kuna mdogo wako anayetumwa kumwaga kapu kama nilivyotumwa mimi, mfuate ujue analimwaga wapi.

Tatu, likimpata mtu janga, awe wa msikitini au asiwe, mguu utangulie ulimi. Nenda umsaidie kutoa godoro. Habari ya kwa nini limempata, mwachie Aliyelijua kabla halijatokea.

Jumamosi mbili zilizopita tulikwenda, watu tisa, kwenye ile kona. Tulitoa magunia 14. Mwenye ile nyumba mpya alitoka akatuuliza sisi ni wa chama gani cha siasa. Tukamwambia sisi ni majirani zake wa juu. Akaingia ndani akarudi na koleo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyasema bila elimu na tuliyoyazembea tukiwa na elimu. Warehemu waliokufa usiku ule. Walinde wanaolala leo chini ya vilima vyetu. Tujaalie tuwe majirani ambao walio chini yao wamesalimika na mikono yao na ndimi zao. Amin.